Kambi Zikishafungwa

Hotuba kwa kamati za amani za mpakani, Kisumu

Wazee wetu, akina mama, vijana, machifu na viongozi wa dini mliotoka Muhoroni, Songhor na Nyakach, na nyinyi ndugu zetu mlioteremka kutoka upande wa Kericho na Nandi, nawasalimu nyote. Nimeombwa niwaeleze niliyoyaona kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi, ambako nilifanya kazi na shirika moja la misaada wakati bunduki zilikuwa zimenyamaza na watu wanaanza kurudi makwao. Nitazungumza Kiswahili ili sote tuliomo humu tusikilizane.

Nitoe kwanza lililo moyoni, kisha nilieleze. Misaada mikubwa huja watu wakiwa kambini. Kazi kubwa huja wakishatoka. Na wakati huo wafadhili wengi wameshafunga mizigo na kuhamia kwenye vita vingine. Nimelishuhudia hilo, limeniuma, na ndiyo sababu nimekubali kusimama mbele yenu.

Vita vile wengi wenu mnavijua kwa jina la Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Lord's Resistance Army. Chanzo chake ni mwaka 1986. Yoweri Museveni aliingia madarakani Januari mwaka huo, na askari wa serikali iliyoangushwa, wengi wao Waacholi, wakakimbilia kwao kaskazini. Mmoja wa walioinuka mapema akawa na wafuasi wengi ni mwanamke, Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena. Aliwaongoza watu wake wakafika karibu na Jinja kabla ya kushindwa mwaka 1987. Alikimbilia hapa Kenya, na alifia kambini Dadaab, Januari 2007. Kony ndiye aliyeendeleza vita, na alipokosa watu wa kumfuata kwa hiari, akaanza kuteka watoto. UNICEF ilikadiria kwamba waliotekwa walizidi 25,000. Usiku mmoja wa Oktoba 1996 waasi waliingia katika shule ya wasichana ya Aboke wakachukua wanafunzi 139. Mtawa mmoja, Sista Rachele Fassera, aliwafuata msituni kwa miguu, akarudi na 109. Thelathini walibaki mikononi mwa waasi.

Mwaka huohuo wa 1996 serikali ilianza kuwaamuru wanavijiji wa Acholi wahamie kambini, kwamba huko jeshi litawalinda. Kufikia mwaka 2005 watu wapatao milioni 1.8 wa kaskazini walikuwa wameacha makwao, na kambi zilizidi 200. Pabbo peke yake ilikuwa na zaidi ya watu 60,000, vibanda vya nyasi vimebanana hivi kwamba moto ukishika kimoja, mamia yanateketea kabla jua halijatua. Na risasi haikuwa muuaji pekee. Mwaka huo wa 2005 Wizara ya Afya ya Uganda na Shirika la Afya Duniani walifanya uchunguzi katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader, wakakuta kwamba watu karibu 1,000 walikuwa wakifa kila wiki juu ya idadi ambayo ingetarajiwa. Malaria, UKIMWI na ukatili ndivyo vilivyokuwa mbele. Watoto wa vijijini nao walitembea kila jioni kuingia Gulu mjini, wakalala barazani mwa maduka na kwenye kituo cha mabasi, ili wasitekwe usiku. Askofu Mkuu John Baptist Odama alitoka nyumbani kwake mwaka 2003 akaenda kulala nao nje, ili dunia ione.

Tarehe 26 Agosti 2006 serikali na waasi walitia saini mjini Juba, Sudan Kusini, mkataba wa kusimamisha mapigano, msuluhishi akiwa Riek Machar, mwanasiasa wa Sudan Kusini. Mkataba wa mwisho wa amani Kony hakuutia saini mwaka 2008, lakini vita havikurudi tena Acholi. Watu wakaanza kutoka kambini kidogo kidogo. Baba anatangulia na mtoto mmoja wa kiume, analala shambani usiku mmoja, mara mbili, anasikiliza, halafu anarudi kumwita mama.

Sasa niwaeleze wanarudi kwenye nini. Ardhi iliyolala miaka kumi inakuwa na nyasi zinazomzidi mtu urefu. Kisima kimejaa udongo. Njia ya kwenda kwa jirani haipo tena. Ng'ombe wameisha, kwa sababu miaka ya mwanzo wa vita wafugaji wa Karamoja waliwasomba kwa maelfu, na waliobaki wakaliwa na wenye bunduki wa kila upande. Mwacholi alikuwa analima kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Akarudi kulima kwa mkono, ekari ambayo baba yake aliimaliza kwa siku mbili, yeye inamchukua mwezi. Na kijana wa miaka kumi na minane aliyekulia kambini, mtamwambia nini kuhusu msimu wa kupanda simsim? Yeye anajua siku ya mgao, anajua kadi ya chakula inatunzwa wapi. Kilimo hakuna aliyemfundisha, maana hakukuwa na shamba la kumfundishia.

Hayo yote shirika letu lilikuwa na dawa yake. Tuligawa majembe, mbegu za mahindi na maharagwe, maturubai, sabuni. Visima vilichimbwa. Nasema kwa heshima kabisa kwamba vitu hivyo viliokoa watu, na waliovitoa walitenda wema. Lakini watu wakishapokea jembe waliuliza maswali ambayo hayakuwa katika makaratasi yetu.

Swali la kwanza lilikuwa la wafu. Kambi zilikuwa zimejengwa juu ya mashamba ya watu. Amani iliporudi, wenye mashamba walitaka kulima, na mashamba yamejaa makaburi ya wageni. Wenye wafu nao hawakutaka kuwaacha. Sisi tuliomo humu hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, awe Mjaluo, awe Mkipsigis, awe Mluhya. Mtu wako anazikwa kwenu.

Nilisimama na mama mmoja katika kambi ya zamani upande wa Amuru. Mwanawe alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu, akazikwa nyuma ya kibanda. Kibanda hakikuwepo tena, lakini alikuwa anakumbuka mlango ulielekea wapi, na ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mwembe. Alizihesabu hatua hizo kwa sauti. Shemeji zake wawili walichimba polepole, kwanza kwa jembe, halafu kwa mikono. Walipokuta mifupa, mama yule ndiye aliyeipokea, akaipanga mwenyewe katika shuka jeupe jipya, akaifunga mafundo manne, akaibeba kifuani kama vile mtoto anavyobebwa. Hakutaka asaidiwe. Tulitembea naye hadi kwao, mwendo wa saa tatu.

Ili kufanya hivyo, mila inataka mnyama achinjwe pale kaburi linapofunguliwa, na nyumbani kuna chakula cha watu wanaokuja kuzika. Mbuzi mmoja au kondoo, na unga. Katika bajeti yetu kulikuwa na fungu la mbegu na fungu la mabati. Fungu la kumzika mtu kwao halikuwepo, na nilipoandika kuliomba nilijibiwa kwamba hiyo ni mila, si maendeleo. Nilishangaa sana. Mtu anayeogopa kwamba wafu wake wanalia hatalima shamba lile. Nimeona mashamba mazuri, mbegu zipo, jembe lipo, na familia imekaa kando ya barabara haiingii ndani kwa sababu ya mifupa isiyojulikana ni ya nani iliyokutwa kwenye majani. Wazee walipokuja wakaikusanya, wakaizika kwa heshima na kuitakasa ardhi, wiki iliyofuata watu walilima. Hakuna semina ingeleta matokeo hayo.

Mbuzi wa mama yule alinunuliwa na akina mama wenzake wa chama cha kuweka akiba. Kila mmoja alitoa kidogo, na wengine walikuwa na kaburi lao wenyewe ambalo bado hawajaweza kulihamisha.

Jambo la mpaka wa shamba ndilo ningependa mlisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu ndilo lililotuleta hapa.

Ardhi ya Acholi karibu yote ni ya ukoo. Haina hati. Mpaka ulikuwa ni mkwaju fulani, kichuguu, kijito, kaburi la babu, na juu ya hayo yote ulikuwa ni wazee wanaokumbuka. Vita viliondoa vyote hivyo kwa pamoja. Mikwaju ilikatwa ikachomwa makaa. Wazee walikufa kambini. Watoto walioondoka wakiwa na miaka mitano wakarudi wanaume wenye wake, kila mmoja ana hakika na anachokumbuka, na kumbukumbu hazifanani. Halafu wakaja wenye pesa na wenye vyeo, wakijua kwamba shamba ambalo mwenyewe hawezi kulithibitisha ni rahisi kulichukua. Bunduki zilinyamaza mwaka 2006, na kuanzia hapo panga likaanza kutoka kati ya mtu na binamu yake. Kesi za ardhi zikajaa kila mahali. Upande wa Apaa, eneo linalogombewa kati ya Waacholi na majirani zao Wamadi, ugomvi wa mpaka umedumu miaka mingi baada ya vita, na watu wamekufa.

Nitawapa mfano mmoja wa jinsi ugomvi ulivyomalizwa. Familia mbili ziligombea kipande cha kama ekari nne. Vijana wa pande zote walikuwa wameshatishana. Mzee wa jembe, ambaye wao humwita rwot kweri, yaani anayesimamia mambo ya kilimo na mashamba kijijini, alikataa kuwasikiliza chini ya mti kama ilivyozoeleka. Alisema twende shambani. Na akamwita bibi mmoja mzee sana, aliyeolewa katika mojawapo ya familia zile kabla hata Uganda haijapata uhuru. Wanaume walinung'unika kwamba mwanamke ni mtu aliyekuja, atajua nini habari za mipaka. Mzee akawajibu kwamba mwanamke ndiye aliyelima hapa kila siku, nyinyi mlikuwa mnachunga.

Bibi alikuja ameshikwa mkono na mjukuu. Alitembea, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akasema ghala la mkwewe lilikuwa hapa, na ng'ambo ya ghala ndipo shamba la wale wengine lilipoanzia. Hapakuwa na kitu, ni nyasi tu. Akasema chimbeni. Walichimba kwa kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, jembe likagonga jiwe. Lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kwa miaka ya kusaga, na bibi akainama akalipangusa udongo kwa khanga yake. Hakuna aliyebishana tena. Jioni ileile walipanda miche kwenye mstari wa mpaka, mmoja wa familia hii na mmoja wa familia ile wakishika kila mche pamoja. Mwalimu wa shule ya msingi alichora ramani kwa penseli, watu wakaweka dole gumba, nakala moja ikabaki kwa rwot kweri.

Gharama ya siku ile ilikuwa ni karatasi, miche na sufuria ya chai. Lakini ilichukua miezi ya kuwatembelea watu ili wakubali kufika shambani pamoja. Miezi hiyo ndiyo wafadhili hawapendi kuilipia, kwa sababu mwishoni mwa mwezi huna picha ya kuwatumia.

Na kuna watoto waliozaliwa porini. Msichana anatekwa ana miaka kumi na moja, anapewa kamanda, anarudi ana watoto wawili. Nyumbani wanampokea. Wana desturi nzuri sana, anayerudi hukanyaga yai lililowekwa juu ya kijiti cha mti kabla hajaingia, na watu wanamkaribisha. Nimeiona na ninaiheshimu, machozi yalinitoka. Lakini mwaka wa pili au wa tatu swali linakuja: wavulana hawa ni wa ukoo gani, watalima wapi? Kwa Waacholi, kama kwetu, mtoto wa kiume hupata shamba kwa baba yake. Baba huyu hajulikani kwao ni wapi, au anajulikana na hakuna anayetaka kulitaja jina lake. Shuleni wanaitwa watoto wa Kony. Nilimwona mjomba mmoja akisimama katika kikao cha ukoo akasema watoto wa dada yangu ni wangu, wakatiwe kwenye fungu langu, na akaonyesha kwa mkono ni wapi. Wengine hawakufurahi. Hakukaa hadi walipokubali. Ninamtaja mtu huyo kila ninapoweza, kwa sababu alifanya lile ambalo mashirika yote yaliyokuwa Gulu yakijumlishwa yasingeweza kulifanya.

Mtaniuliza habari za haki. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa Kony, Februari 2021 kwa makosa 61, na Mei mwaka huo ikampa kifungo cha miaka 25. Naye alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule. Februari 2024 mahakama iliagiza fidia kwa waathiriwa wanaokadiriwa kuwa karibu 50,000, pamoja na mengine, euro 750 kwa kila mtu. Ongwen hana kitu, kwa hiyo fedha hizo ni za kuchangwa kutoka kwingine. Ninaona ni vema hukumu ilitolewa. Lakini aliyekatwa masikio mwaka 2003 alisikia neno fidia baada ya zaidi ya miaka ishirini, na kati ya hapo alihitaji kula, kuoa, kusomesha.

Fedha zilikuwepo. Serikali ya Uganda ilizindua mpango wa amani, ufufuaji na maendeleo wa kaskazini mwaka 2007, na nchi za nje zikachangia. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Uganda alifichua kwamba mabilioni ya shilingi yaliyokusudiwa mpango huo yalikuwa yamegeuzwa njia katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland, Uingereza, Norwei, Denmark na Sweden zikasimamisha misaada. Aliyeumia ni yule mama wa Amuru, ambaye hakuiba hata senti.

Ndugu zangu, nimewaletea habari za mbali, lakini sidhani ni za mbali sana. Kuanzia ghasia za shamba la Miteitei, Nandi, mwaka 1991, mpaka huu wetu umechomwa na kujengwa na kuchomwa tena. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za uchaguzi huo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema. Mei 2008 ikaja Operesheni Rudi Nyumbani, shilingi 10,000 kwa familia ya kuanzia maisha, na malori ya kuwarudisha watu. Pesa ziliwafaa waliozipata. Lakini ni nani aliyekwenda nao hadi kwenye ua, akauliza mpaka ulikuwa wapi, ni nani alizikwa wapi, ni nani anamwogopa nani? Na pale Sondu, soko moja, kaunti mbili, watu wanauziana nyanya Jumatatu na Jumanne wanachomeana nyumba. Tumekuwa tukituma polisi. Polisi wanazima moto, hawajui jiwe la kusagia liko wapi.

Kwa hiyo nina ombi mahususi, na ninawaomba kwa unyenyekevu kwa sababu nyinyi mnaifahamu nchi hii kuliko mimi. Kabla mvua za masika hazijaanza, kila kamati itembee mpaka wake kwa miguu, pande zote mbili kwa siku moja, si kila upande na siku yake. Mwende na bibi wazee, wa kwetu na wa kwao, wale waliolima pale miaka ya sitini na sabini, maana kila mwaka tunawazika na wanaondoka na tunachokihitaji. Mwandike mnachokubaliana, na mnachokosana mkiandike vilevile, na nakala ikae kwa chifu wa kila upande. Mwandike pia majina ya waliouawa, wa pande zote, kwenye orodha moja. Najua hilo litakuwa gumu kuliko la mipaka. Kule Acholi kuna vijiji vilivyokwama hapo miaka mingi, kwa sababu kila ukoo ulitaka wafu wake watangulie.

Na kwa wale mnaokaa kwenye bajeti za kaunti, ya Kisumu na ya Kericho: tengeni fungu la kazi hii katika miaka ambayo hakuna aliyeuawa. Litakuwa fungu dogo. Nauli, chai, karatasi, miche, na posho ya mtu mmoja wa kufuatilia kwa miaka mitano mfululizo bila kuhamishwa. Ikisubiriwa hadi moto uwake, gharama ya mahema na malori itakuwa kubwa mara nyingi zaidi, na watakaolala ndani ya mahema hayo ni watoto wenu mliokuja nao leo.

Nina nakala kadhaa za ramani zile za penseli, kwa idhini ya wenyewe, pale mezani karibu na mlango. Mwalimu aliyezichora alikuwa hajawahi kusomea upimaji, na mtaona kwamba hata nyinyi mnaweza. Mwenye swali aanze, na ningependa akina mama watangulie.